Sheria ya lori, sumu ya ndoo

Gari la utalii likirudi Arusha kutoka Serengeti, kituo chake cha kwanza mara nyingi ni gereji. Fundi huingia chini ya gari, hufungua nati ya kumwagia oili, na karibu lita 10 za oili nyeusi hushuka kwenye beseni. Injini hujazwa oili mpya, gari huoshwa, na keshokutwa liko uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, kupokea wageni wengine. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2, na wengi wa wanaokuja kutazama mbuga za kaskazini huzungushwa na magari yanayolala na kutengenezwa katika jiji hili. Idadi ya wageni hutangazwa kila mwaka. Oili iliyobaki kwenye beseni haina wa kuitangaza, nami ndiyo ninayotaka tuifuate.

Kutoka kwenye beseni inaingia kwenye dumu. Kuanzia hapo njia zinagawanyika. Yupo mwenye mbao anayeinunua apake nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Yupo anayeimwaga barabarani mbele ya duka lake kutuliza vumbi la kiangazi. Zipo gereji, hasa zile kubwa, zinazomuuzia mkusanyaji mwenye kibali, naye huipeleka ikatumike kama nishati viwandani. Na ipo inayomwagwa nyuma ya ukuta basi, mvua za masika ziikute hapo ziisukume mtaroni, mtaro uipeleke mto Themi au Naura, na mto uishushe Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki wa kula na kuuza. Katika mlolongo wote huo hakuna anayejiona anavunja sheria. Fundi amefanya kazi yake, mwenye uzio ameokoa nguzo zake, mwenye duka amelala bila kukohoa vumbi.

Kisheria, hata hivyo, kile kilichomo kwenye dumu ni taka hatarishi. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti taka hatarishi zinazovuka mipaka, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, una orodha ya makundi 45 ya taka za kudhibitiwa, kuanzia Y1 hadi Y45. Oili chafu ni Y8. Taka za hospitali na zahanati ni Y1. Mabaki ya viuatilifu yako Y4. Risasi, yale madini yaliyomo ndani ya betri ya gari, ni Y31. Ukitoka Unga Limited ukapita Ngarenaro hadi soko la Kilombero, utakuwa umepita mbele ya gereji, mnunuzi wa vyuma chakavu, zahanati na duka la pembejeo. Orodha hiyo ya kimataifa inayoonekana kama mambo ya mabalozi imejipanga kando ya barabara yetu, na kila mwenye biashara ana kipande chake kidogo.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tumeandika sheria ya taka hatarishi tukimfikiria mwenye lori, ilhali sumu nyingi ya Arusha na Moshi inatembea kwa ndoo, dumu na kiroba. Kiwanda chenye pipa 200 kina mlango wa kuingilia katika mfumo wa serikali. Fundi mwenye madumu mawili hana. Na mafundi wenye madumu mawili ni wengi kuliko viwanda.

Si kwamba sheria yenyewe ni mbovu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni moja ya sheria pana tulizonazo. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ndani yake imo kanuni ya mchafuzi kulipa gharama za uchafuzi wake. Chini ya sheria hiyo zimetungwa Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi, pamoja na kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Anayekusanya, anayesafirisha, anayehifadhi na anayeteketeza taka hizi lazima awe na kibali. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha. Kwenye karatasi hakuna pengo kubwa.

Pengo linatokana na historia. Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa katika kijiji cha bandari cha Koko, Nigeria, kwenye uwanja wa mzee mmoja aliyekuwa ameukodisha kwa takriban dola 100 kwa mwezi. Afrika nzima ilitikisika. Mkataba wa Basel ukapitishwa Machi 1989. Nchi za Afrika zikaona hautoshi, zikakutana Bamako Januari 1991 na kupitisha mkataba wao unaopiga marufuku kabisa kuingiza taka hatarishi barani, zikiwamo za mionzi. Hofu ile ilikuwa ya haki, na miaka 15 baada ya Bamako ikathibitika tena Abidjan, pale meli ya Probo Koala ilipoleta taka zilizomwagwa sehemu mbalimbali za jiji mwaka 2006 na kuwapeleka maelfu ya watu hospitalini.

Lakini sheria hubeba sura ya hofu iliyoizaa. Hofu yetu ilikuwa meli, kwa hiyo zana tulizojitengenezea ni za kuzuia meli na kufuatilia lori: kibali, hati ya mzigo inayoonyesha umetoka wapi na umepokewa na nani, chombo maalumu cha usafiri, ridhaa ya nchi unakopita na unakokwenda. Zana hizo zinafanya kazi mzigo unapokuwa mkubwa na mwenye mzigo anapokuwa na ofisi, mhasibu na mwanasheria. Mpeleke fundi wa betri wa Majengo kwenye dirisha la kibali kama hicho uone. Atauliza bei, atauliza siku ngapi, kisha atarudi kwenye kibanda chake na mambo yataendelea kama jana.

Betri inastahili tukae nayo zaidi, maana ndiyo inayonitia hofu kuliko vingine vyote. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na iliyobaki ni plastiki pamoja na tindikali. Risasi ina bei, kwa hiyo betri iliyokufa haitupwi. Inanunuliwa kwa kilo. Kijana mwenye mkokoteni anaipata mtaani, mnunuzi wa skrepa anaipima, tindikali inamwagwa chini kwa sababu mnunuzi mkubwa hataki kulipia maji, halafu sahani za risasi zinaendelea na safari. Wapo pia wanaoyeyusha wenyewe. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327, kiwango ambacho moto wa mkaa unakifikia bila shida. Hauhitaji kiwanda. Unahitaji sufuria kuukuu na uwanja, na uwanja huo mara nyingi ndio watoto wanaochezea.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hufyonza risasi nyingi kuliko mtu mzima, na inamharibu ubongo kimya kimya: anachelewa kuelewa, anashindwa kutulia darasani, mwalimu anasema mzembe. Mzazi hawezi kujua kwa kumtazama. Pale Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Haikuwa ajali ya kiwanda. Watu wa mtaa walikuwa wakikusanya risasi ya betri, na bei ya risasi ilipopanda wakaanza kuchekecha mchanga ulioloana nayo, wakibeba viroba hadi majumbani. Kila mmoja alikuwa na kiasi kidogo. Kwa kipimo cha sheria yetu ya lori, hakuna hata mmoja wao ambaye angeonekana.

Jirani zetu wa Mombasa wana habari yao. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kilikuwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kilichopakana na nyumba za watu. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikiziwajibisha pia taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha fidia ile. Namheshimu kila aliyepigania kesi hiyo. Ila fidia iliamriwa baada ya damu za watoto kukutwa na risasi, na risasi ikishaingia kwenye mfupa wa mtoto hakuna hukumu inayoitoa.

Tupande sasa kuelekea Moshi, kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro amepiga mrututu kwa vizazi, dhidi ya kutu ya majani na baadaye chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mrututu ni shaba, na shaba haiozi wala haivunjikivunjiki. Inayodondoka chini inabaki kwenye udongo, msimu juu ya msimu. Hiyo ni hesabu ya zamani. Hesabu mpya ni ya mboga. Kuanzia Ngarenanyuki kwenye nyanya hadi tambarare za Kahe, mkulima wa leo anapiga dawa nyingi na tofauti, na kila dawa inakuja katika chupa yake. Shamba likishapigwa, bomba linaoshwa kwenye mfereji ulio karibu. Kwa Wachaga mfereji huo ni mfongo, na mfongo hauishi kwenye shamba lako. Unapita kwa jirani wa chini, na kwa mwingine wa chini zaidi, ng'ombe wanakunywa, mama anafulia nguo. Chupa inabaki pembeni ya shamba, au inachomwa na majani makavu, au, na hili linaniuma kulisema, inaoshwa ikabebe mafuta ya taa au maziwa.

Ajabu ni kwamba hakuna mkoa Tanzania ulio karibu na ujuzi wa viuatilifu kuliko Arusha. Pale Ngaramtoni, kilomita chache kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Namanga, iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyozaliwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kabla yake eneo hilo lilikuwa la TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyojulikana Afrika Mashariki yote. Wataalamu wapo, maabara zipo. Mamlaka inasajili dawa na kutoa vibali kwa wauzaji. Mlango wa kuingilia sokoni unalindwa, hata kama wapo wanaouruka. Mlango wa kutokea, yaani chupa tupu na dawa iliyokwisha muda, hauna bawabu.

Tanzania inajua gharama ya kuacha mlango huo wazi. Mwaka 1986 tulipokea msaada wa tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa tayari vimekwisha muda. Vilihifadhiwa kwenye banda la shamba la Vikuge, mkoani Pwani. Banda likaanguka, dawa ikazama ardhini, DDT ikiwamo, na udongo ule ukawa somo la watafiti kwa miaka mingi. Baadaye nchi yetu iliingia katika mpango wa Afrika wa kuondoa viuatilifu chakavu, vikafungashwa upya na kusafirishwa hadi Ulaya kuchomwa kwenye matanuri yanayofaa. Kufungasha na kusafirisha ni kazi ya fedha nyingi. Kuuliza maswali mawili kabla ya kupokea mzigo ingekuwa kazi ya siku moja.

Brazili walishughulikia chupa tupu kwa namna ambayo ningependa wabunge wetu waitazame kwa makini. Sheria yao ya mwaka 2000 ilimgawia kila mtu sehemu yake. Mkulima anaosha chupa mara 3, maji ya kuoshea anayarudisha kwenye bomba ayapige shambani, kisha ndani ya mwaka mmoja anairudisha chupa. Muuzaji analazimika kuandika kwenye risiti mahali pa kuirudisha. Mtengenezaji analazimika kuzikusanya na kuzishughulikia. Leo zaidi ya asilimia 90 ya chupa za plastiki za aina hiyo zinarudi. Ukitazama vizuri utaona kwamba serikali yao haikuongeza jeshi la wakaguzi wa kupita shamba kwa shamba. Ilitumia njia ile ile iliyopeleka dawa shambani kuirudisha chupa dukani. Duka la pembejeo la Tengeru au la Himo tayari linamjua mkulima wake kwa jina, linamkopesha, linajua alinunua nini msimu uliopita. Mkaguzi gani anaweza kushindana na ujuzi huo?

Kuhusu hospitali nitakuwa mfupi, kwa sababu angalau huko mazungumzo yameanza na vifaa vipo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida, na 15 ndizo hatarishi. Zikichanganywa, zote zinakuwa hatarishi. Kwa hiyo ndoo tatu za rangi tofauti wodini, na muuguzi aliyefundishwa kuzitofautisha, huokoa fedha kuliko mtambo wowote. Hospitali kubwa kama KCMC na Mount Meru zina nafasi ya kujipanga. Wasiwasi uko kwenye zahanati za kata na maduka ya dawa yanayochoma sindano, ambako sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, likijaa huchomwa kwenye shimo au kwenye kichomea taka cha matofali. Moto wa namna hiyo mara nyingi haufiki nyuzi 850 zinazohitajika, na plastiki yenye klorini ikiungua chini ya hapo huzaa sumu iitwayo dioksini. Zahanati tano zikichangia gari moja la kupeleka maboksi yao kwenye mtambo mzuri wa hospitali ya wilaya, tatizo hilo linapungua bila kujenga chochote kipya.

Sasa tazama upande wa pili wa Arusha hii hii. Njiro, kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, iko ghala kuu la taifa la kuhifadhi taka za mionzi. Kifaa cha mionzi kilichokwisha muda wake, kiwe kilitoka hospitali ya Mwanza au kiwanda cha Dar es Salaam, kina mahali pake pa kwenda, na mahali hapo ni Arusha. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inajua kila chanzo kinamilikiwa na nani. Kiwe kidogo kiasi gani, kimeandikwa. Watu wengi wanaopita Njiro hawajui kwamba ghala hilo lipo, na ukimya huo ni sifa yake. Tuliweza kulijenga kwa sababu tuliuliza swali sahihi mapema: kikishachakaa, kitakwenda wapi? Kwa oili, betri na chupa za dawa hatujawahi kulijibu swali hilo kwa mtu wa kawaida.

Nimejaribu kufikiria mkazi wa Sombetini aliyekuta mapipa matatu ya kemikali isiyojulikana kwenye nyumba aliyonunua. Aende kwa nani? NEMC wanahusika na mazingira. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wanahusika na kemikali, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kama ni viuatilifu, ni Ngaramtoni. Kama kuna wafanyakazi walioumia, ni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kama imeshaingia mtoni, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi. Kama inanuka tu, ni bwana afya wa kata. Kila taasisi ina sheria yake halali na watumishi wanaofanya kazi kwa bidii. Mwananchi ana mapipa matatu na jioni moja. Nisiwe mwongo, mara nyingi atakachofanya ni kumpa kijana elfu kumi ayaondoe, na asiulize yamekwenda wapi.

Yamekwenda dampo, kama tuna bahati. Taka za Arusha zinaishia Muriet, za Moshi Kaloleni. Sensa ya 2022 iliikuta Arusha jiji ikiwa na watu zaidi ya 600,000 na manispaa ya Moshi zaidi ya 200,000, na wote tunatupa. Moshi inajivunia usafi wake, na kwa haki: wamejenga utamaduni wa kufagia na kutoza faini ambao miji mingine inauhusudu. Lakini usafi wa barabara unapima kinachoonekana. Betri ya simu, taa ya neli yenye zebaki na kopo la rangi vinaingia kwenye kiroba kimoja na maganda ya ndizi, kiroba kinaondoka, barabara inang'aa. Wanaobaki navyo ni waokotaji wa dampo, wengi wao wakiwa mikono mitupu. Halmashauri ndiyo yenye jukumu la taka ngumu kisheria, ndiyo yenye lori na ofisa mazingira, lakini vibali vya taka hatarishi viko ngazi ya taifa. Matokeo yake, aliye karibu na taka hana mamlaka ya kutosha, na mwenye mamlaka yuko mbali.

Mahakama zetu ziliwahi kulizungumza jambo hili mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kugeuza eneo lao dampo, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likatafuta mahali pengine, likaenda Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashtaki mwaka 1991. Kesi zote mbili zinasomeshwa vyuoni kama ushindi wa haki ya mazingira, na ni ushindi kweli. Mimi nasoma pia kitu kingine ndani yake: taka iliyokosa mpango haiishi kwa kufukuzwa. Inahamia kwa watu ambao bado hawajapata wakili.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa hatari kubwa iko viwandani na migodini, na kwamba nguvu chache za serikali zielekezwe huko. Nakubali nusu. Mkubwa akikosea anaua mto mzima, na serikali imeonyesha inaweza kumfikia: mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka bwawa la mabaki. Lakini ukaguzi wa wakubwa una watu wake na vifaa vyake, na hakuna anayesema usimame. Udhibiti wa wadogo unahitaji kitu cha aina nyingine, na hicho ndicho hatujakiunda. Mkaguzi akitumwa na kitabu cha faini kwenye gereji 300, atakusanya fedha mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili madumu yatakuwa yamehamia nyuma ya ukuta. Faini kwa mtu ambaye hana mahali halali pa kupeleka taka yake humfundisha kuificha.

Wamarekani, ambao walilipa gharama kubwa kujifunza hili baada ya mtaa wa Love Canal kugundulika mwaka 1978 kuwa umejengwa juu ya taka za kemikali, wana sheria ya mwaka 1976 iliyokuja kuwagawa wazalishaji kwa uzito. Anayezalisha kilo 1,000 au zaidi kwa mwezi ana masharti mazito. Aliye kati ya kilo 100 na 1,000 ana ya wastani. Aliye chini ya hapo ana machache, muhimu likiwa kwamba ajue alichonacho na akipeleke panapotambulika. Si lazima tuchukue namba zao. Tuchukue wazo: mdogo awe na daraja lake ndani ya sheria, lenye masharti anayoweza kuyatimiza kati ya asubuhi na adhuhuri, bila kwenda Dodoma wala kuajiri mshauri.

Kwa Arusha na Moshi ninapendekeza tuanze na oili na betri, kwa sababu vyote viwili vina bei. Kila halmashauri itenge banda lenye sakafu ya zege, ukingo wa kuzuia kumwagika na mlinzi, karibu na gereji zilipo: Unga Limited kwa Arusha, eneo la viwanda kwa Moshi. Fundi alete dumu, lipimwe, aandikiwe kwenye daftari, alipwe bei ya siku hiyo. Mkusanyaji mwenye kibali cha taifa aje na lori lake achukue mzigo ukiwa umeshakuwa mkubwa, akiwa na hati zote zinazotakiwa. Hapo sheria ya lori inaanza kufanya kazi mahali inapoiweza, kwa sababu kuna mtu aliyeikusanyia ndoo. Matanuri ya saruji ya Tanga na Dar es Salaam, yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400, yanaweza kuteketeza oili ya namna hii vizuri, lakini Tanga iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Arusha, na hakuna fundi atakayebeba dumu lake umbali huo. Bila kituo cha kati, umbali ndio unaoshinda sheria.

Betri iwe na nyongeza moja. Anayenunua mpya alipe zaidi kidogo, na arudishiwe akileta ya zamani ikiwa na tindikali yake ndani. Waagizaji wa betri nchini wanajulikana kwa majina kwa sababu wanapita bandarini. Walazimike kupokea zilizokufa kwa idadi inayolingana na walizoingiza. Kijana wa mkokoteni asifukuzwe. Yeye ndiye mkusanyaji bora tuliye naye, anafika kila uchochoro. Apewe glavu na kitambulisho, na bei ya betri isiyomwagwa iwe juu kuliko ya iliyopasuliwa. Chupa za viuatilifu zifuate, kupitia maduka ya pembejeo, na Ngaramtoni ndiyo iongoze kwa kuwa tayari inatoa vibali vya maduka hayo: sharti la kupokea chupa liandikwe kwenye kibali chenyewe.

Fedha zitatoka wapi? Sehemu kubwa itajilipa kwa thamani ya oili na risasi. Sehemu itoke kwenye ada na tozo ambazo sekta ya utalii tayari inalipa, kwa kuwa magari yake ni sehemu ya chanzo, na mwenye kampuni ya safari anayeuza mlima na mbuga ana sababu ya kibiashara ya kutaka mito yake iwe safi. Halmashauri haziwezi kubeba hili kwa ada ya taka ya nyumba kwa nyumba pekee.

Jambo moja lisisubiri kanuni mpya. Sheria ya 2004 imeshaweka maofisa mazingira katika kila jiji, manispaa na wilaya, na waratibu hadi ngazi ya kata na kijiji. Ofisa huyo anaweza, kwa mamlaka aliyonayo leo, kuandika orodha ya kila gereji, mnunuzi wa betri, duka la pembejeo na zahanati katika kata yake, kila mmoja anazalisha nini na anakipeleka wapi. Orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za mtaa ili jirani aisome. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na halmashauri huanza kuandaa makadirio yake miezi mingi kabla. Diwani wa kata yenye gereji anapokaa kwenye kikao hicho aombe kuonyeshwa kifungu cha banda la kupokea oili na betri, na kama hakimo, asipitishe makadirio mpaka kiingizwe.